Kaunti, Manispaa na Mikutano ya Hadhara Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mkaazi wa Lamu, awe wa Langoni, Faza, Kiunga au Witu, anayetaka kujua abishe mlango gani na lini. Maswali yameandikwa jinsi yanavyoulizwa barazani, kwa hivyo mengine ni makali.

Shida yangu nimpelekee nani: chifu, mwakilishi wa wadi au mbunge?

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza miezi. Tangu uchaguzi wa Machi 2013, serikali mbili hufanya kazi katika mtaa mmoja. Ya kwanza ni serikali kuu, ambayo hapa chini inaonekana kwa sura ya kamishna wa kaunti, manaibu wake, chifu, naibu wa chifu na wazee wa mtaa. Hao ndio wa usalama, vitambulisho na barua za kumtambulisha mkaazi. Ya pili ni serikali ya kaunti: gavana, mawaziri wake wa kaunti, msimamizi wa kaunti ndogo na msimamizi wa wadi. Chifu hamtumikii gavana, na msimamizi wa wadi hapokei amri kwa kamishna, hata ukiwakuta wamekaa meza moja wakigawana chupa za maji.

Kazi za kaunti zimeorodheshwa katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Ziko zahanati na hospitali za kaunti, masoko, leseni za biashara, takataka, taa za mtaani, mifereji ya maji ya mvua, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, kilimo na uvuvi, kuzima moto. Na ziko feri na bandari ndogo, jambo ambalo kwa sisi watu wa visiwani lina uzito kuliko barabara. Ngazi za gati ya kijiji zikimeguka, mlango wa kubisha ni wa kaunti. Lakini bandari kubwa ya Lamu iliyoanza kupokea meli Mei 2021 ni ya serikali kuu kupitia Mamlaka ya Bandari, na gavana hana funguo zake. Polisi, shule za msingi na za upili, na barabara kuu ya Garsen kupitia Witu pia ni za serikali kuu.

Mwakilishi wa wadi, ambaye wazee wetu bado humwita diwani, ana kazi tatu: kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti, na kuwahoji wale wa upande wa gavana. Kaunti hii ina wadi 10. Lamu Mashariki ni Faza, Kiunga na Basuba. Lamu Magharibi ni Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari. Diwani hanunui taa. Anachoweza ni kuhakikisha pesa za taa zimo ndani ya bajeti, kisha kumuuliza waziri mbona mtaa bado una giza. Mbunge naye yuko Nairobi kwa sheria za nchi, na zile fedha za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, zinazopitia kwake huenda zaidi mashuleni.

Basi taa ya uchochoro wenu ikizimika, anza kwa msimamizi wa wadi, kwa maandishi, nakala kwa diwani. Ukimpigia mbunge simu atakusikiliza vizuri sana na taa itabaki vile vile.

Na manispaa je? Si ni kaunti hiyo hiyo?

Karibu, lakini si kabisa. Manispaa ya Lamu inaendeshwa na bodi na meneja chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, iliyorekebishwa 2019. Bodi haichaguliwi kwa kura ya wananchi wote. Wajumbe huteuliwa, na sheria inataka vyama vya wataalamu, wafanyabiashara, sekta ya jua kali na jumuiya za mitaa viwe na nafasi ndani yake. Meya hatuna tena. Ukiona jumuiya ya mtaa wenu haijasajiliwa, jueni hata nafasi hiyo ya kuteuliwa hamuwezi kuidai.

Kuna mikutano ya aina ngapi?

Watu huita yote baraza, na mchanganyiko huo ndio unaowaumiza.

Baraza la chifu ni la serikali kuu. Huko hutangazwa mambo ya usalama, vitambulisho, chanjo, migogoro midogo. Unaweza kulalamikia takataka pale, na chifu muungwana ataupeleka ujumbe, lakini malalamiko hayo hayaingii kwenye kitabu chochote cha kaunti.

Mkutano wa maoni, ule unaoitwa ushirikishwaji wa umma, huitishwa na kaunti au bunge la kaunti kuhusu jambo maalumu: mswada, bajeti, mpango wa maendeleo, ada mpya. Huu una karatasi ya kujadiliwa. Mkiitwa mkakuta hakuna karatasi, ulizeni mkutano unahusu nini hasa kabla hamjaketi.

Kikao cha bunge la kaunti ni cha wawakilishi wenyewe kujadiliana. Wewe husikiliza tu. Na liko Jukwaa la Bajeti na Uchumi la kaunti, lililowekwa na kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, ambapo wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini huwa na wawakilishi wanaoshauriana na gavana na mawaziri wake. Ni watu wachache wanaoweza kukutajia nani anawawakilisha humo. Uliza jina, kisha mtafute huyo mtu umpe hoja zako.

Naruhusiwa kuingia bunge la kaunti kusikiliza?

Ndiyo. Kifungu cha 196 cha Katiba kinasema bunge la kaunti lifanye shughuli zake kwa uwazi, vikao vyake na vya kamati zake viwe vya hadhara. Kuwafungia nje wananchi au waandishi wa habari kunahitaji hali ya kipekee, na spika aamue kwamba ipo sababu ya kutosha. Nenda na kitambulisho, vaa kwa heshima, zima simu, usipige makofi hata diwani wako akisema jambo tamu. Ushauri wangu: kikao cha jumla kina mbwembwe, kamati ndiko kazi inakofanyika. Ukiwa na nafasi ya siku moja tu, chagua kamati.

Kwa nini tangazo la mkutano hunifikia mkutano ukiwa umekwisha?

Kwa sababu mara nyingi hubandikwa mlango wa ofisi, hutiwa gazetini au kwenye mtandao wa kaunti, na mtu wa Kizingitini hapiti hapo. Hiyo haitoshi kisheria. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Katika hukumu ile mahakama ilisema kaunti itumie njia nyingi kuwafikia watu, ikitaja misikiti, makanisa, mabaraza na redio za lugha za wenyeji. Hukumu ilihusu Kiambu, lakini hoja yake hutumika kila kaunti. Tangazo la msikitini baada ya sala ya Ijumaa ni njia halali ya serikali kuwafikia watu, na mkaazi ana haki ya kuliomba.

La visiwani ni la ziada. Mkutano ukipangwa Mokowe, upande wa bara, saa tatu asubuhi, mtu wa Faza au Ndau anauliza kwanza maji yako vipi. Bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) havifuati ratiba ya ofisi, na nauli ya boti si ya kuchezea. Msimamizi wa wadi anayepanga mkutano bila kuwauliza manahodha anajiandalia viti vitupu. Jambo hili liandikieni barua mapema: ombeni mkutano wa kila kisiwa, au tarehe inayolingana na maji. Msipojibiwa, wekeni nakala. Itawafaa siku mtakayosema hamkushirikishwa.

Bajeti huamuliwa lini? Kila mwaka tunaitwa mwezi wa Mei, tunasema, na hakibadiliki kitu.

Mnaitwa shuka likiwa limeshafumwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, lakini bajeti yake huanza kupikwa karibu mwaka mzima kabla.

Mwishoni mwa Agosti hazina ya kaunti hutoa waraka unaoeleza bajeti itatengenezwa vipi na lini. Kufikia Septemba 1 mpango wa maendeleo wa mwaka huwa umewasilishwa bungeni, na humo ndimo miradi inamotajwa. Kufikia Februari 28 hufika mkakati wa kifedha, ambao hugawa pesa kwa idara: afya kiasi hiki, uvuvi kiasi hiki, barabara kiasi hiki. Kufikia Aprili 30 makadirio ya bajeti hufika bungeni, na kufikia mwisho wa Juni hupitishwa.

Sasa tazama mkutano wa Mei. Idara imeshakatiwa fungu lake tangu Februari. Ukisimama kuomba kituo kipya cha barafu ya samaki, afisa atakuitikia kwa adabu na kuandika, lakini ili upewe lazima mwengine anyang'anywe, na huyo mwengine alikuja Septemba. Ombi la mradi mpya lipeleke Agosti na Septemba. Hoja ya kwamba idara ya uvuvi inapewa kidogo ipeleke Januari na Februari. Mei ni ya kukagua: je, kile mlichoahidiwa kimo? Kiko ukurasa gani? Kiasi kimepungua?

Na msilale baada ya Juni. Kuna bajeti ya ziada, inayokuja katikati ya mwaka, na humo miradi huhamishwa, hupunguzwa au hupotea kimya kimya. Nimeona watu wakishangilia mradi uliopitishwa Juni ambao kufikia Machi haukuwapo tena, na hakuna aliyewaambia. Ulizeni kila mara: bajeti ya ziada italetwa lini?

Jambo moja la kukariri: sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, kwa kipindi cha kati, iende kwenye maendeleo. Si lazima uwe mhasibu kuuliza kama asilimia hiyo imefikiwa.

Nikitia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, nimekubali mradi?

Hapana. Umesema ulikuwepo, basi. Lakini karatasi hiyo husafiri mbali, na hapa Lamu tunajua.

Kampuni iliyotaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 kule Kwasasi ilipata leseni ya mazingira, na mikutano na wananchi ilikuwa imefanyika. Wakaazi walikata rufaa. Juni 2019 jopo la kitaifa linaloamua mizozo ya mazingira liliifuta leseni hiyo. Moja ya sababu kubwa ni kwamba mikutano ile ilikuwa ya kutambulishana tu, iliyofanyika kabla utafiti wa athari haujakamilika. Watu waliulizwa maoni juu ya moshi, majivu na maji ya moto kabla ya kuonyeshwa hesabu za moshi, majivu na maji hayo. Maoni gani yangetoka?

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Aprili 2018, Mahakama Kuu ilitoa hukumu katika kesi iliyofunguliwa 2012 kuhusu bandari. Ilikuta kwamba wakaazi hawakupewa habari na nafasi ya kushiriki inavyotakiwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Kutokana na kesi hizo mbili, fanya hivi ukiwa mkutanoni. Soma kichwa cha karatasi kabla ya kutia sahihi. Kama juu hakuna kichwa, au kimeandikwa kitu kingine, kiandike wewe: "Mahudhurio ya mkutano wa tarehe fulani kuhusu jambo fulani." Kama ripoti haikuletwa, mtu mmoja asimame aseme hivyo kwa sauti na aombe iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Sentensi hiyo moja kwenye kumbukumbu ina faida kuliko hotuba ya dakika ishirini.

Nikipewa kipaza sauti niseme nini?

Jina, mtaa, ukurasa, ombi, sababu. Kisha uketi. Salamu kwa kila mheshimiwa mmoja mmoja zitakula dakika zako mbili, na mwenyekiti atakunyang'anya kipaza ukiwa ndiyo kwanza unafika kwa gavana.

Muhimu zaidi ni karatasi. Maneno ya mdomo hufupishwa na karani, na "tunataka gati ya upande wa kusi kwa sababu akina mama wajawazito hubebwa mgongoni hadi majini" hugeuka "wananchi waliomba miundombinu". Andika hata nusu ukurasa, kwa mfano hivi:

"Kwa Karani wa Bunge la Kaunti ya Lamu. Yah: Maoni kuhusu makadirio ya bajeti. Sisi wakaazi tuliotia sahihi hapa chini tumesoma fungu la idara ya afya, ukurasa huu. Tunaomba boti ya kubebea wagonjwa itengewe pesa za mafuta, kwa kuwa boti bila mafuta haimfikishi mgonjwa hospitali. Tunapendekeza pesa hizo zitoke kwenye fungu la safari na semina, ukurasa huu."

Angalia lile la mwisho. Ukionyesha pesa zitoke wapi, umemrahisishia kazi mwenye kuamua, au umemtoa kisingizio. Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani.

Lazima niseme Kiingereza?

Hapana. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba. Vitabu vya bajeti huja kwa Kiingereza, hilo ni kweli na ni kero. Ombeni muhtasari wa Kiswahili kwa barua, na mkutanoni mlazimisheni afisa aeleze kila fungu kwa Kiswahili kabla ya kuuliza kama kuna maoni.

Wanawake hukaa nyuma na hawasemi. Tufanyeje?

Kwanza tuache kusema hawasemi. Wanasema sana, ila si katika mkutano wa saa tano asubuhi, chungu kikiwa motoni, mbele ya wakwe na walimu wa madrasa. Kaunti ikiombwa inaweza kuandaa kikao chao baada ya alasiri, ndani ya ua au ukumbi, na mwandishi mwanamke. Kifungu cha 87 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinataka makundi yaliyo pembezoni yalindwe na yapate habari zinazowahusu. Hilo linawagusa pia jamii ndogo ya Waaweer wa Basuba, ambao mara nyingi huwakilishwa na mtu aliyefika Mokowe kwa bahati.

Bi mkubwa asiyetaka kusimama anaweza kutuma karatasi. Ina uzito ule ule.

Je, kuna posho ya kuhudhuria?

Sheria haikuahidi. Mara nyingine hutolewa nauli na maji, mara nyingine hakuna. Mkutano wenye bahasha nono usio na karatasi ya kusoma, mimi ningekaa karibu na mlango.

Nimeomba kitabu cha bajeti, nimeambiwa "rudi kesho" mpaka nimechoka.

Acha kuomba kwa mdomo. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinampa kila raia haki hiyo. Andika barua kwa Kiswahili au Kiingereza. Sheria imetaja zote mbili. Asiyejua kuandika lazima afisa amsaidie. Huna wajibu wa kueleza unaitaka ya nini. Wana siku 21 za kujibu, na saa 48 kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Wanaweza kuongeza muda mara moja, usiozidi siku 14. Kuomba ni bure. Gharama ni ya kutoa nakala. Ukinyimwa au ukinyamaziwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Taja unachotaka kwa jina na mwaka wake. "Nataka habari za bajeti" hujibiwa kwa tabasamu.

Ombi rasmi bungeni ni tofauti na barua ya kawaida?

Ndiyo. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa mtu yeyote haki ya kuliomba bunge lijadili jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, hata kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Ombi hupelekwa kwa karani wa bunge au kupitia diwani, likatajwa kikaoni na kukabidhiwa kamati. Eleza tatizo, mlikwenda ofisi gani mkakosa jibu, na mnataka bunge lifanye nini. Sahihi ziwe na majina na namba za vitambulisho zinazosomeka.

Nataka kukarabati nyumba ndani ya mji wa kale. Niende manispaa pekee?

Hapana. Mji wa kale ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hivyo mbali na kibali cha ujenzi cha kaunti ni lazima upitie pia ofisi ya Makumbusho ya Taifa. Nenda huko kabla ya kumwita fundi. Kubomoa ukuta wa matumbawe ni kazi ya asubuhi moja. Kesi yake ni ya miaka.

Tumetoa maoni. Lazima wayafuate?

Si lazima. Maoni si kura. Wanachopaswa ni kuyazingatia kwa dhati, na bunge au kaunti huandika ripoti ya yaliyosemwa. Iombe ripoti hiyo. Tafuta kijiji chenu ndani yake, tazama kama hoja yenu imeandikwa na imejibiwa nini. Isipokuwamo, ile nakala yenye muhuri ndiyo ushahidi wenu.

Mimi ni wa Mombasa, nafanya biashara Lamu. Nina haki ya kusema?

Unayo. Sheria ya Serikali za Kaunti inapoeleza umma ni nani, inataja wakaazi, walipa ada za mji au manispaa, jumuiya na vyama, na hata watu wasio wakaazi wanaotumia huduma za kaunti kwa kuwa wako hapo kwa muda. Mwenye duka, nahodha wa boti ya abiria, mgeni anayeshuka gati ya Lamu kila Maulidi: wote wamo. Utajikuta unaulizwa "wewe ni wa wapi?" mkutanoni. Jibu, kisha endelea na ukurasa wako.